Seva ya Barua ya Mzee Likungu

Chumba cha kwanza nilichofanyia kazi kilinuka salfa. Kilikuwa kipande cha stoo ya shirika letu pale Nachingwea. Upande mmoja ilipangwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, na upande wa pili, nyuma ya ukuta wa mbao usiofika darini, palikuwa na meza, viti viwili na kompyuta moja ambayo haikuzimwa. Ukishinda humo, jioni koo linawasha na nguo zinanuka kama umetoka shambani kupuliza.

Ninyi wa ofisi ya Ruangwa, siku mliyoniaga mlinipa doti ya kanga na chupa ya chai, mkaniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ya barua pepe ilivyokuwa kabla hamjaja. Niko nyumbani Marambo, ufuta umeshauzwa, mvua haijaanza, sina kisingizio. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Barua za kupandishwa ziko kwenye faili langu, na nadhani mchwa wameshaanza kuzisoma. Nitawaeleza habari za ile kompyuta na za mtu aliyenifundisha kuitunza, kwa sababu nimegundua wengi wenu hata jina lake hamjawahi kulisikia.

Niliajiriwa kama mpiga chapa. Siku ya kwanza meneja alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza, akasema, "Nenda stoo, kwa Mzee Likungu. Anataka mtu wa kumsaidia mambo ya barua." Nikadhani nakwenda kulamba stempu.

Nilimkuta ameinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, anapuliza vumbi kwa mdomo. Mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Zainabu."

"Zainabu, unajua kusubiri?"

"Kusubiri nini, mzee?"

"Kusubiri tu. Nusu ya kazi hii ni hiyo. Kaa hapo."

Alikuwa mtu wa Mkotokuyana, Mmwera, na ujana wake wote aliumalizia posta, enzi za simu za maandishi. Posta ilipompunguza, shirika letu likamchukua kusimamia barua. Intaneti ilipofika kwa dishi la setilaiti, yeye ndiye aliyetumwa Dar kwenye mafunzo mafupi, akarudi na kitabu kinene kilichochapwa kwa karatasi zilizopigwa pini. Watu wa ofisini walimcheka kidogo. Yeye akaendelea kusoma.

Kwa nini tulikuwa na seva yetu wenyewe, mtaniuliza, wakati siku hizi kila mtu ana barua yake kwenye simu? Kwa sababu dishi lile lilikuwa likiona wingu tu linakata. Mtu wa Nachingwea akitaka kumwandikia mwenzake wa meza ya pili, barua ilibidi iende ng'ambo na kurudi, na mara nyingi ilikwama huko angani. Mzee Likungu alichukua kompyuta ya kawaida ya mezani, ambayo mhasibu alikuwa ameikataa kwa uzee, akaweka mfumo wa bure na programu ya kupokea na kupeleka barua. Kuanzia hapo barua za ndani zilifika papo hapo, na za nje zilikaa kwenye foleni zikingoja njia ifunguke.

Alinifundisha kwa lugha ya posta. Seva ni ofisi ya posta, alisema. Barua ikija, inasomwa anwani. Kama ni ya mtu wa hapa, inawekwa kwenye sanduku lake. Kama ni ya nje, unauliza nyumba ya huyo mtu iko wapi, unaipeleka. Njia ikiwa imefungwa, unaiweka kwenye foleni, unajaribu tena baadaye. Mtu akiwa hayupo, unairudisha kwa mwenyewe na kumwandikia sababu.

"Barua haitupwi," alisema. "Inafika, au inarudi na sababu yake. Hakuna la tatu."

Nilijifunza kwa mikono. Alinisimulia faili la mipangilio mstari kwa mstari, mimi naandika: jina la ofisi mtandaoni ndilo hili, barua za kupokea ni za jina hili tu, kompyuta zinazoruhusiwa kutuma kupitia kwetu ni zile za Nachingwea na za Ruangwa, nyingine zote marufuku. Hilo la mwisho aliniandikisha mara nyingi. Seva inayopeleka barua za kila anayeomba, alisema, ni kama mtu anayemwachia mlevi baiskeli. Baada ya kila badiliko tulijitumia barua ya majaribio, tukakaa kuitazama foleni. Siku ambayo barua yangu ya kwanza ilitoka Nachingwea ikafika Ruangwa, bwana mmoja wa huko alinipigia simu kuthibitisha. Nilicheka peke yangu mpaka Mzee akaniuliza nina nini.

Taabu zilikuwa nyingi na hazikuwa za kusomea. Salfa ile ilikuwa inakula shaba. Kila baada ya muda kompyuta iligoma kuwaka, tukafungua, tukakuta vimeno vya kadi za ndani vimekuwa vyeusi. Tulivisugua kwa kifutio cha penseli, taratibu, kimoja kimoja. Tuliomba mifuko ihamishwe. Meneja alijibu kuwa salfa ndiyo inayotulisha, na kwa hilo alikuwa sahihi, kwa hiyo tukaendelea na vifutio. Mijusi waliingia kwenye kifaa cha umeme kutafuta joto, wakakauka humo. Radi za mwanzo wa mvua zilitukuta tukikimbilia kuchomoa waya wa dishi, kwa sababu mwaka mmoja tulichelewa, ikaunguza modemu na simu ya mapokezi kwa pamoja.

Shida kubwa ya kwanza ilitoka Ruangwa, na hamkuwepo, kwa hiyo msijitetee. Kompyuta moja ya huko iliingia virusi. Kwa vile tulikuwa tumeiruhusu kutuma, ikaanza kutuma kupitia kwetu barua za dawa za nguvu za kiume kwa dunia nzima. Tulipogundua, jina la ofisi yetu lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha za watu wachafu, na kila seva tuliyoigonga ilitufungia mlango. Wanunuzi wa ufuta hawakupata majibu. Wafadhili hawakupata taarifa. Ilituchukua wiki za kuandika maombi ya kufutwa, orodha moja baada ya nyingine, tukitumia barua pepe ya kibanda cha intaneti cha sokoni kwa sababu yetu wenyewe haikukubaliwa popote. Mzee Likungu alikonda. Kwake yeye, jina la posta kuchafuka lilikuwa kama jina la ukoo.

Baada ya hapo uchafu ulianza kuja upande wetu. Barua taka zilijaa kwenye masanduku, meneja akafungua yake mbele ya mgeni wa heshima na kukuta picha ambayo sitaieleza. Siku hiyo hiyo Mzee akaitwa, akaambiwa akomeshe.

Akakaa na kitabu chake, kisha akaniita kwenye kibodi.

"Kila seva duniani ina namba," alisema, "na namba inapaswa kuwa na jina. Seva ikija kutugongea, inajitaja. Sisi tutauliza: namba hii kweli ni ya jina hili? Visipolingana, hatufungui. Matapeli wengi hawalingani."

"Na mwaminifu ambaye hajapanga vizuri?"

"Barua itarudi kwake na sababu. Atasoma, atatengeneza. Na orodha ya waliokataliwa nitaipitia mwenyewe kila asubuhi. Nikimwona mwaminifu, nitamwekea ruhusa. Hiyo niachie mimi, wewe shika foleni."

Niliandika kanuni hiyo kama alivyosema. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Uchafu ulikauka, meneja akaacha kututazama vibaya. Kila asubuhi Mzee aliketi, akafungua orodha ya waliokataliwa, akaishusha ukurasa kwa ukurasa huku anakunywa chai. Mara moja moja alisema, "Huyu ni chuo, mruhusu," au, "Hawa ni wizara, hawajui kupanga, waruhusu." Nami nikaandika.

Sikumbuki ni lini nilianza kuona kwamba anajigonga. Kwanza ilikuwa fremu ya mlango, bega la kushoto. Akasema mlango umevimba kwa mvua. Halafu akawa anaweka kikombe ukingoni mwa meza na kukisukuma chini mwenyewe. Siku moja nikamuuliza saa, na saa iko kwenye kona ya kioo cha kompyuta mbele yake. Akageuza kichwa chote kama kuku anayetazama punje, ndipo akaiona.

"Mzee, macho vipi?"

"Uzee."

"Nenda ukapime."

Mkewe, Mama Asha, ndiye aliyemlazimisha. Kikosi cha madaktari wa macho kutoka hospitali kubwa ya mkoa mwingine kilikuja Nachingwea, tukaenda naye mimi na mama. Muuguzi mmoja anaitwa Neema, binti mpole mwenye sauti ya chini, alimpima akatueleza. Ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, mtu hajui, anaendelea kuona katikati. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inapunguza kasi, lakini kwa hali yake anahitaji upasuaji, na mapema. Daktari wa upasuaji hakuwa kwenye msafara ule.

"Akipangiwa tutakutafuta, mzee. Nipe namba ya simu."

"Kwetu Mkotokuyana simu haishiki, ukipanda kichuguu ndiyo inashika. Nakupa anwani ya barua pepe." Akaitaja herufi kwa herufi, polepole, kama anayetaja jina la mtoto wake. "Ya ofisi. Seva naisimamia mwenyewe. Barua ikitumwa hapo, inafika."

"Na namba yangu mimi andika," nikasema.

Neema alitafuta pa kuandika. Fomu yao ilikuwa na nafasi moja tu ya mawasiliano, na ilikuwa imeshajaa. Akatabasamu, akasema barua pepe ndiyo bora, mfumo wao unazituma wenyewe.

Tukasubiri. Mzee alitia matone yake asubuhi na jioni, Mama Asha akimshikia kope. Dawa ilipoisha duka la Nachingwea, mtu aliagizwa Lindi. Miezi ikaenda. Nilimwambia twende kule hospitalini tukaulize wenyewe. Nilimwambia mbele ya mkewe, nikamwambia na ofisini. Kila mara alinijibu vile vile, bila kukasirika.

"Walisema wataandika. Ukienda kabla ya kuitwa, utaambiwa rudi usubiri."

"Labda wamesahau, mzee."

"Mashine haisahau, Zainabu. Neema alisema ni mashine."

Wakati huo mimi nilikuwa namsomea zaidi na zaidi. Mipangilio, foleni, barua za meneja. Amri za kompyuta alizijua kwa vidole, aliandika bila kutazama, nami nikamsomea majibu. Ila ile orodha ya asubuhi aliendelea nayo mwenyewe. Aliketi, chai mkononi, akashusha kurasa. "Huyu mruhusu" yake ilikuwa imepungua, nikadhani dunia imejipanga vizuri.

Kikosi cha macho kilirudi Nachingwea mwanzo wa kiangazi. Tukaenda tena. Neema alipomwona akasimama.

"Mzee Likungu, jamani. Mbona hukuja?"

"Kuja wapi, mwanangu?"

"Daktari wa upasuaji alikuwepo. Tulikuandikia. Hukujibu, tukakupangia mara ya pili, tukaandika tena. Tukadhani umeamua kwenda kwingine."

 Mzee alinyoosha mkono kutafuta kiti, nikamsogezea.

Walimpima. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, na inaelekea lilikuwa limekwisha siku nyingi. La kushoto lilibaki na kitundu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema watalifanyia upasuaji hilo, kuokoa hicho kitundu, lakini asitegemee zaidi. Mama Asha aliuliza kama wangemwahi mara ile ya kwanza ingekuwaje. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema, "Angebaki na vingi, mama."

Tulipotoka kupimwa Mzee hakutaka kwenda nyumbani. Alisema twende ofisini. Nikamshika mkono mpaka stoo, akakaa kwenye kiti chake, nami kwenye kibodi.

"Tafuta jina la hospitali," alisema. "Kwenye waliokataliwa."

Niliandika amri. Mistari ilitoka. Ilikuwepo yote miwili, na mingine.

"Soma."

Nikasoma. "Imekataliwa. Jina la mpelekaji halilingani na namba yake. Mpokeaji, Likungu."

"Ya pili."

"Ni hivyo hivyo, mzee."

"Ilirudishwa kwao na sababu?"

"Ilirudishwa. Lakini anwani waliyotumia ni ya mashine. Nadhani hakuna mtu anayeisoma."

 Upande wa pili wa ukuta vibarua walikuwa wanapanga mifuko, wanacheka mambo yao. Halafu Mzee akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Ile orodha ya asubuhi, Zainabu. Nilikuwa siioni. Tangu mvua za mwaka jana siioni. Maandishi ni madogo, nikiyakuza yanatoka nje ya kioo. Nilikuwa nashusha tu kurasa."

 Asubuhi zote zile alikuwa amekaa hapo na chai yake, na jina lake likipita mbele ya uso wake.

"Niiondoe hiyo kanuni?" nikamuuliza mwishowe.

"Usiiondoe. Ukiiondoa, kesho tunarudi kwenye uchafu. Kanuni haina kosa. Waruhusu hao hospitali, sasa hivi. Kisha wapigie simu fundi wao, umweleze atengeneze jina. Kwetu tumewaruhusu, lakini posta nyingine nazo zinafunga mlango. Kuna watu wengine wanangoja barua kama mimi."

Nilipiga. Baada ya kuzungushwa vyumba vingi nilimpata fundi wao. Nikamweleza kwa heshima, nikamtajia na namba.

"Dada, mfumo wetu uko sawa," alisema. "Barua zinatoka."

"Zinatoka, kaka, lakini hazifiki."

"Zikishatoka, upande wetu tumemaliza."

Nilimpigia tena wiki iliyofuata, na nyingine tena. Niliandika kwa mkuu wake. Ilikuja kutengenezwa baadaye sana, bila mtu kunijulisha. Niliigundua tu mwenyewe siku moja nikipima.

Nimesema kulikuwa na mistari mingine. Mmoja ulikuwa wa Bi Somoe, mtaalamu wetu wa kilimo aliyekaa Malolo, huko kwenu Ruangwa. Mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, na yeye pia alikuwa ametoa anwani ya ofisi. Barua ya kumwita ilikuwa imekataliwa siku chache tu nyuma, na tarehe yake ilikuwa bado mbele. Nilipomsomea Mzee, aliinua kichwa haraka.

"Mpigie. Sasa hivi."

Bi Somoe alimpeleka mama yake. Mtoto wa jicho si kama presha, akiondolewa mtu anaona. Walipotoka hospitalini walipitia Nachingwea, wakaja stoo na furushi la karanga. Bibi yule Kiswahili chake kilikuwa cha shida, alichanganya na Kimwera, lakini alitaka kumshukuru mwenyewe. Alimshika Mzee mikono yote miwili.

"Mimi naona, baba. Naona mpaka shati lako."

"La rangi gani?" Mzee akauliza.

Bibi akashangaa, akanitazama. "Bluu," akasema.

"Vizuri," Mzee akasema. "Leo nilitaka la bluu."

Bi Somoe alielewa, akageukia ukutani. Bibi hakuelewa, akaendelea kutuonyesha vitu: kile kikombe, ule mfuko, huyo mjusi darini. Alikuwa na furaha sana. Walipoondoka Mzee alizigusagusa karanga, akaniambia nigawane na vibarua.

Upasuaji wa jicho la kushoto alifanyiwa. Kitundu kilidumu kidogo, halafu kikafifia nacho. Alifanya kazi akiwa haoni vizuri kabisa, kuliko mnavyoweza kuamini: aliniambia amri, nikaandika, nikamsomea jibu, akaniambia tatizo liko wapi. Hakukosea mara nyingi. Lakini shirika lilipata meneja mwingine, na huyu alipopita stoo akauliza kwa sauti, mbele yake, huyu mzee kipofu anafanya nini kwenye kompyuta. Nikamjibu kwamba seva nzima ni yake na kwamba mimi ni mikono tu. Akacheka kwa adabu. Nilimwandikia barua kumweleza, nikaenda na kumwona. Haikusaidia kitu. Mzee aliagwa kwa soda na hotuba fupi, akapewa redio. Mama Asha alimwongoza hadi barabarani, nami nikabeba kitabu chake chenye pini. Nilipompa, akakikataa.

"Mimi nitakifanyia nini? Kaa nacho."

Kuanzia hapo orodha ya asubuhi niliisoma mimi, mstari kwa mstari, miaka yote mpaka mwisho. Ndiyo maana mlikuwa mnanikuta nimenuna na sipokei salamu kabla ya chai. Nimewahi kukuta humo barua ya chuo ikimwita binti wa mlinzi wetu. Nimekuta ya mahakama. Nyingi zilikuwa takataka tupu, siku nyingi sana hakukuwa na kitu, na nilitoka pale macho yanauma nikijiuliza ninafanya kazi gani hii. Kiti cha Mzee sikukitumia. Haikuwa heshima kubwa kama mnavyoweza kudhani, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu.

Dishi likaondolewa, ukaja mtandao wa minara, kisha waya wa mkongo. Kompyuta tulibadilisha, na salfa hatimaye ikahamishwa, walipojenga stoo mpya. Halafu uongozi ukaamua barua zote zihamie kwenye kampuni ya nje, ambako hakuna wa kusugua vimeno kwa kifutio. Sikupinga. Hata ningekuwa mimi meneja ningeamua hivyo. Niliwahamishia wote barua zenu za zamani, nikawaandikia kila mmoja, na mnakumbuka mlivyonisumbua na maneno ya siri mliyoyasahau.

Siku niliyokwenda Mkotokuyana kumwambia Mzee kwamba seva imezimwa ndiyo mara ya mwisho nilimwona. Kabla mikorosho haijachanua tena, Mama Asha alinipigia simu, tukaenda kuzika. Ila siku ile alikuwa mzima, amekaa kwenye mkeka barazani, anachambua sinia la mbaazi kwenye magoti. Nikamwamkia, akaitambua sauti, akanisogezea nafasi.

"Nimeizima jana, mzee," nikamwambia.

Vidole vyake vilisimama.

"Foleni ilikuwa na kitu?"

"Haikuwa na kitu. Nilingoja mpaka zote zikatoka."

"Na watu uliwaarifu kwanza?"

"Wote. Na wa nje nao niliwaandikia."

"Vizuri." Akaendelea kuchambua kidogo. "Sasa barua za ofisi nani anazipokea?"

"Kampuni ya nje. Kubwa sana."

"Hao nao wanakataa?"

"Wanakataa, mzee. Nyingi kuliko sisi."

"Na hizo wanazokataa, nani anazipitia asubuhi?"

Nilimwambia kama ilivyo.

"Hakuna mtu, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. Mama Asha alitoka na chai, akaiweka karibu na mkono wake, akamgusa kidole kumwonyesha ilipo. Mzee hakuigusa. Aliinama juu ya sinia akaendelea. Mbaazi zilizotobolewa na wadudu alizijua kwa ncha za vidole, akazitupa uani, na kuku wakazikimbilia. Nikavua viatu, nikakaa upande wa pili wa sinia, tukachambua wote mpaka zikaisha.